Haki isiyopitwa huota nyasi

Wiki iliyopita nilikwenda posta kuchukua kifurushi. Kilikuwa kizito kama mtu kanitumia nondo. Dada wa kaunta akanitaka nikifungue mbele yake, nikafungua. Ndani mkatoka chuma kimoja kilichopinda mfano wa herufi L, upande mmoja kina tundu la pembe nne, upande wa pili mpini unaong'aa kwa kushikwa miaka mingi. Dada akakigeuza, akakipima mkononi. "Kaka, hii hendeli ya gari gani?" Nikamwambia si ya gari, ni ya kufungulia maji. Akaniangalia kama watu wanavyomwangalia mwandishi wa habari anaposema mshahara bado haujatoka. Nikasaini, nikaondoka.

Wasomaji wangu, chuma hicho kipo mezani kwangu hapa ninapoandika, kinakandamiza rundo la magazeti. Kimetoka Uingereza kwa mzee mmoja ambaye nilisafiri naye kwa boti mara mbili mwaka 2022, mwaka niliokuwa nasoma huko. Ndani ya kifurushi kulikuwa na kikaratasi chenye mambo matatu tu: boti imeuzwa, magoti yamegoma, hendeli hii sasa ni yako. Basi. Waingereza hawana maneno mengi kwenye mambo yanayowauma.

Nilikuwa nimepanga kuandika kuhusu jambo jingine kabisa. Lakini nimekitazama chuma hiki siku sita, nikaona niwasimulie zile safari mbili. Kuna hoja niliiokota kule nikaiweka mfukoni, na mwezi huu imenikuta kazini na kunidai. Kaeni vizuri, ni ndefu kidogo.

Nilifikaje kwenye boti ya mzungu? Pasaka ya mwaka ule bweni lilikuwa tupu. Wenzangu wote wamekwenda makwao, mimi nimebaki na mchele wangu na jiko la umeme. Chuo kilikuwa na mpango wa kuwakutanisha wanafunzi wa kigeni na familia za pale, nikajiandikisha kwa kuchoka na upweke tu. Wakanipangia mzee wa miaka 74, fundi umeme mstaafu, na mkewe, muuguzi mstaafu. Wakanijulisha kwamba sikukuu hawali nyumbani, wanaila majini. Mimi mtoto wa Pangani, nikasema huko ndiko kwangu.

Siku ya kwanza nilimwita "Mzee", yeye akacheka akauliza kama kweli amechakaa kiasi hicho. Nikamweleza kwamba kwetu hilo ni jina la heshima, na kwamba kumwita mtu wa umri wake kwa jina la kwanza nisingeweza hata kwa kulipwa. Kufikia siku ya tatu mkewe naye alikuwa ameshakuwa Mama, na nilimsikia Mzee akijitambulisha kwa jina hilo kwa watu wa boti nyingine.

Sasa boti yenyewe. Msifikirie jahazi wala zile boti za Zanzibar. Hii ni kama behewa la treni lililotupwa majini. Urefu wake ulikuwa mita 17, upana mita 2 na kidogo. Ndani kuna kitanda, jiko la gesi, choo na stovu ya kuni, vyote vimepangwa kwenye mstari mmoja kama shanga. Ukitaka kupishana na mtu ndani, mmoja lazima akae kitandani. Nyuma, kwenye tezi, kuna kana ya chuma na injini ya dizeli inayogonga taratibu. Mwendo wa juu unaoruhusiwa ni maili 4 kwa saa, yaani kama kilomita 6 na nusu. Siku ile ya kwanza tulipitwa na bibi mmoja aliyekuwa anamtembeza mbwa. Bibi akatusalimia, mbwa hata hakugeuka.

Kwa nini nyembamba hivyo? Hapa ndipo historia inapoingia, na mimi historia naipenda. Mwaka 1761 mwinyi mmoja, Duke wa Bridgewater, alifungua mfereji wa kutoa makaa ya mawe kwenye machimbo yake ya Worsley na kuyapeleka Manchester. Farasi mmoja aliyekuwa akiburuta mkokoteni barabarani kwa shida, sasa akitembea kando ya maji aliweza kuvuta boti yenye tani 25 na zaidi. Bei ya makaa mjini ikashuka karibu nusu. Kila tajiri akataka mfereji wake. Mifereji ikachimbwa kwa sepeto na toroli, milima ikatobolewa, mabonde yakavukwa kwa madaraja ya maji. Mhandisi aliyesifika zaidi mwanzoni, James Brindley, alikuwa mtu asiye na elimu ya darasani. Kuokoa fedha na maji, sehemu kubwa ya katikati ya nchi ikajengewa njia za upana wa futi 7 tu, na boti zikafuata kipimo hicho. Ndiyo maana mpaka leo nikilala kwenye kochi najiona niko majini.

Na hendeli je? Ni hivi. Maji hayapandi mlima, hilo tunalijua. Kwa hiyo mfereji ukifika kwenye mteremko hujengewa chumba cha mawe chenye milango mizito ya mbao mbele na nyuma. Wenyewe wanakiita loki, nami nitakiita hivyo hivyo. Ukiwa unateremka, unaingia chumba kikiwa kimejaa, unafunga mlango nyuma yako, kisha unachukua hendeli na kuzungusha meno ya chuma yanayoinua kijilango kidogo chini. Maji yanatoka, boti inashuka kama lifti, unafungua mlango wa mbele unaondoka. Hakuna pampu wala umeme. Kila boti inayopita inatumia maji zaidi ya lita laki moja, na yote yanaendeshwa na mkono wa mtu na uzito wa maji yenyewe. Kazi yangu ilikuwa kukimbia mbele, kuzungusha, kusukuma mlango kwa mgongo, na kusubiri. Njia yetu ya Pasaka, kutoka Kingswood kwenda Stratford-upon-Avon, ni kama kilomita 21. Kwa daladala ni nusu saa. Ina loki zaidi ya 30. Sisi tulitumia siku tatu.

Siku ya pili nilipewa kana. Nikajiona nahodha. Tuko ndani ya loki, maji yanashuka, mimi naangalia kondoo malishoni. Sikuona kwamba boti inarudi nyuma pole pole. Chini ya mlango wa nyuma kuna kizingiti cha mawe kilichojitokeza, na maji yakishuka tezi la boti likakikalia, mbele itaendelea kushuka na nyuma itaning'inia. Boti huzama hivyo ndani ya dakika chache. Mama alinipigia ukelele mmoja tu, Mzee akatupa kijilango chini kwa kishindo, maji yakasimama. Tezi lilikuwa limebakiza kama kiganja. Hakunigombeza. Aliwasha sigara na kuniambia kwamba majini hakuna kitu kinachofanyika haraka isipokuwa ajali.

Jioni hiyo tulifunga boti chini ya miti, na hapo ndipo aliponisimulia habari ya mfereji ule tuliokuwa juu yake. Hii ndiyo hoja yangu, kwa hiyo naomba msiniache.

Reli zilipokuja karne ya 19, mifereji ilianza kufa. Mingine ilinunuliwa na kampuni za reli zenyewe, ambazo hazikuwa na sababu ya kuitunza. Baada ya vita kuu ya pili ilikuwa imejaa matope, magurudumu mabovu na mizoga. Serikali ilitaifisha sehemu kubwa mwaka 1948, na baridi kali ya mwaka 1962 kuingia 1963 ilipogandisha maji kwa wiki nyingi, mizigo iliyokuwa imebaki nayo ikahamia kwenye malori. Watu wa mipango miji wakaona njia rahisi ni kufukia.

Mwandishi mmoja, L. T. C. Rolt, alikuwa akiishi kwenye boti yake iitwayo Cressy, na mwaka 1944 alitoa kitabu kuhusu maisha ya majini. Mwaka 1946 yeye na Robert Aickman wakaanzisha chama cha kuitetea mifereji. Sasa sikilizeni. Kule juu ya mfereji huo huo wa Stratford, upande wa Birmingham, kulikuwa na daraja la barabarani la Lifford Lane, chini mno, boti haipiti. Njia ikawa imefungwa kwa vitendo. Swali likapelekwa bungeni, na jibu likaja kwamba njia haijafungwa, kampuni ya reli italiinua daraja wakati wowote ikipewa taarifa ya mtu anayetaka kupita. Jibu tamu la ofisini. Nani atapita, na mfereji wenyewe umeota majani?

Rolt akaandika taarifa: mimi nitapita. Mei 1947 akaja na Cressy, na mafundi wa reli wakalazimika kuja na jeki kuliinua daraja zima ili mtu mmoja apite na boti yake. Chini kulikuwa na takataka tele, boti ikakwaruza, lakini ikapita. Kisha wenzake nao wakatoa taarifa, wakapita. Na wengine tena. Mpaka daraja la kunyanyua kwa jeki likawa usumbufu kuliko kujenga daraja linalofunguka, na likajengwa.

Kisa cha pili ni kizuri zaidi. Upande huu wa kusini, tulipokuwa sisi, halmashauri ilikuwa na kidaraja kibovu na haikutaka gharama ya kukijenga upya kwa kimo cha kupitisha boti. Mwaka 1958 ikaomba mfereji utangazwe kuwa umetelekezwa. Sheria ilisema lazima ithibitike kwamba hakuna aliyepita kwa miaka mitatu. Ni nani angepita kwenye tope lile? Wakajitokeza watu wawili waliowahi kupita kwa mtumbwi mwembamba wa kupiga makasia, na walikuwa wamehifadhi risiti ya ushuru yenye tarehe. Kipande cha karatasi. Ombi likakwama. Kufika mwaka 1960 taasisi ya National Trust ikauchukua mfereji, na watu wa kujitolea, wanajeshi na hata wafungwa wakaingia na sepeto. Mwaka 1964 Mama yake Malkia Elizabeth II akaufungua.

Jamani, risiti! Mimi nikipanda basi la Tanga tiketi naitupa kabla hatujafika Chalinze.

Tangu usiku ule nikawa naona kila kitu kwa jicho jingine. Vidaraja vya mfereji ule vimejengwa kwa vipande viwili visivyogusana, katikati kuna upenyo mwembamba, ili kamba ya farasi ipite bila kufunguliwa. Farasi hayupo tena, lakini upenyo upo, na kingo za chuma zina makovu ya kamba. Siku ya tatu tukaingia Stratford, kwenye bwawa lililo mbele ya jumba la maonyesho la Shakespeare. Watalii wakatupiga picha. Mimi nikamkumbuka Mwalimu Nyerere, aliyekaa kumtafsiri Julius Caesar kwa Kiswahili, kikatoka mwaka 1963. Lakini nawakiri, sikumfikiria sana Shakespeare. Niliwafikiria wale wawili wa mtumbwi.

Safari ya pili ilikuwa Julai, London. Mzee na Mama walikuwa wameileta boti mpaka kule kwa mwendo wao wa kutembea, nami nikawafuata kwa treni. Tulianzia Little Venice, tukapita nyuma ya bustani ya wanyama, tukateremka loki za Camden, tukaingia handaki la Islington lenye giza la mita karibu 900, tukatokea upande wa mashariki. Huko boti zimefungwa pembeni mbili mbili, kilomita kwa kilomita. Nikamuuliza kama wote hawa wako likizo. Akasema hawa ni wapangaji waliokimbia kodi za nyumba. Walimu, manesi, mafundi, watu wa rika langu na lako msomaji.

Mwisho wa mfereji ule ni Limehouse, na nje ya Limehouse ni mto Thames, sehemu ambayo bahari inaingia na kutoka mara mbili kwa siku. Hapo nilimwona Mzee kwa sura ambayo sikuwahi kuiona. Fundi asiyetetereka kwenye loki 30 alikuwa amekaa na jedwali la maji kujaa na kupwa, miwani puani, anahesabu kwa kalamu na kufuta. Boti ya mferejini ina kitako bapa na injini ndogo. Kwenye mto ule maji hupanda na kushuka mpaka mita 7, mkondo una nguvu kuliko injini, na meli za abiria zinapita kasi na kuacha mawimbi. Ukikosea saa, unakwenda baharini hutaki. Nanga ilikuwa tayari kwenye omo, makoti ya kuokolea yamevaliwa, na redio ya upepo imewashwa, kwani boti ya urefu ule hairuhusiwi kutoka bila redio.

Nikamuuliza mwezi uko wapi. Akasema mwezi? Nikamwambia mwezi mpevu umepita siku mbili, kwa hiyo hii ni bamvua, yatajaa sana na yatapwa sana, na mkondo utakuwa mkali. Ingekuwa mwezi nusu tungepata maji mafu, yamelala. Akaangalia jedwali lake, akaniangalia mimi. Pangani hakuna mtoto anayefundishwa hilo darasani. Mto wetu nao hupokea bahari mdomoni, na tulipokuwa wadogo tukivuka kwenda Bweni tulijua kwa kuangalia tu kama maji yanaingia au yanatoka. Marehemu babu yangu hakuwahi kumiliki saa.

Tukatoka baada ya chakula cha mchana, maji yakiwa bado yanajaa ili yatusukume juu. Lango la Limehouse linafunguka ukingoni mwa mto, na mto unakupiga ubavuni papo hapo. Boti ililala upande, vikombe vikaanguka jikoni, Mama akasema neno ambalo muuguzi hapaswi kusema. Mzee akaisukuma kana kwa tumbo, injini ikalia, omo ikageuka. Kisha tukawa tunakimbia. Boti iliyopitwa na bibi na mbwa wake sasa ilikuwa inapita chini ya Tower Bridge kama inafukuzwa. Mbele ya Bunge tukakaa mbali, maana hairuhusiwi kusogea ndani ya mita 70. Nilisimama juu nikiwa nimeshika pondo, mshamba wa Pangani, nikiangalia dirisha ambamo wale wakubwa waliamua mambo ya mabara mengine.

Hapo Mzee, rangi zikiwa zimemrudia usoni, akaniambia kitu. Mfereji, akasema, uliletwa na sheria ya Bunge, na Bunge linaweza kuufuta. Lakini kwenye maji ya bahari, hata ndani ya mto kama huu, Mwingereza yeyote ana haki ya kupita tangu zama ambazo hakuna anayezikumbuka. Hakuna aliyempa. Imekuwepo kwa sababu watu hawakuwahi kuacha kupita.

Tukaingia Brentford maji yakikaribia kujaa, tukarudi kwenye utulivu wa mfereji, tukapanda loki za Hanwell siku iliyofuata. Agosti nikamaliza tasnifu, Septemba nikarudi nyumbani. Hiyo ndiyo mara ya mwisho nilishika kana.

Sasa nisiwadanganye kwamba kule ni peponi. Boti zile zilikuwa na wenyewe. Familia nzima, baba, mama na watoto watano au sita, iliishi kwenye kijumba cha mita 3 nyuma ya shehena ya makaa. Watoto waliendesha farasi badala ya kwenda shule. Mifereji ilipookolewa, haikuokolewa kwa ajili yao. Wao walikuwa wameshapandishwa nchi kavu mmoja mmoja, mizigo ilipokwisha. Waliokuja na sepeto Jumamosi walikuwa watu wenye Jumamosi: walimu, makarani, wahandisi. Mwaka 1968 zaidi ya watu 600 waliingia kwenye mfereji wa Ashton, Manchester, kutoa takataka kwa wikiendi moja. Ni jambo kubwa, nalivulia kofia. Lakini mtu anayelipwa kwa tani alizobeba hana wikiendi ya kudai haki. Anapita mwingine badala yake, na njia inapofunguka inakuwa ya huyo mwingine.

Wala vita haijaisha. Mifereji hiyo iko chini ya shirika la hisani, Canal & River Trust, tangu mwaka 2012, na mwaka 2023 serikali ilitangaza kwamba ruzuku yake itakuwa inapungua kuanzia 2027. Kuta za miaka 200 hazijui bajeti. Nadhani hilo nalo liko ndani ya kile kikaratasi cha Mzee, ingawa hakuliandika.

Nimefika nilipotaka kufika. Mwezi huu mhariri alinituma pwani, sitataja wapi, kuandika habari ya njia ya wavuvi. Ni njia ya kuteremshia ngalawa, wazee wanaikumbuka tangu utotoni. Sasa pembeni kuna ukuta wa mtu mwenye uwezo, na kwenye mdomo wa njia kuna mlinzi kwenye kiti cha plastiki. Nikawahoji wavuvi chini ya mkungu. Malalamiko tele. Nikaandika haraka haraka. Mwisho, kwa mazoea tu, nikamuuliza mzee mmoja mara ya mwisho wamepita pale lini.

"Tangu walipoweka mlinzi, mwanangu, hatujapita."

"Aliwakataza?"

Wakaangaliana. "Hatujamuuliza."

Siku hizi wanazunguka kilomita mbili na nusu kubeba nyavu begani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na niliinukuu vizuri kabisa kwenye habari yangu. Ilitoka ukurasa wa ndani, safu moja na nusu, kichwa cha habari kina neno "walalamika". Nilijisikia nimefanya kazi.

Mpaka kifurushi kilipofika. Kwa sababu mimi, mwenye shahada mbili na kitambulisho cha gazeti shingoni, nilisimama hatua ishirini kutoka kwenye kiti cha plastiki, nikapiga picha, nikapanda gari la ofisi. Sikumsalimia hata yule mlinzi. Sikujaribu kupita. Niliandika kwamba njia imefungwa, na kwa kuandika hivyo nikasaidia kuifunga. Miaka ikipita atakuja mtu wa halmashauri kuuliza kama kuna aliyeitumia, na ushahidi wa kwanza atakaoonyeshwa ni kipande changu cha gazeti.

Msinielewe vibaya. Siwalaumu wavuvi. Mtu anayetafuta ugali wa leo hawezi kupoteza asubuhi akibishana na mlinzi, kama zile familia za boti zisivyoweza kumwandikia barua waziri. Hoja yangu inatuhusu sisi wenye Jumamosi. Tunajua vifungu, tunajua nani wa kumpigia simu, tunalipwa mwisho wa mwezi hata tusipobeba nyavu. Tumegeuza ujuzi huo kuwa maoni. Tunaandika, tunasambaza, tunakasirika vizuri kwa Kiswahili sanifu, halafu tunapita barabara nyingine. Haki haiishi kwenye kifungu peke yake. Inaishi kwenye nyayo, na nyayo zikikoma, nyasi zinaota, na nyasi nazo zina mwenyewe.

Kwa hiyo Jumamosi hii nakwenda. Nimeshaongea na yule mzee wa chini ya mkungu, anasema watakuja watatu na ngalawa moja, kama bahari itaruhusu. Itakuwa maji mafu, nimeangalia mwezi. Tutamwamkia mlinzi, tutamwambia tunateremka kuvua, na tutateremka. Akitukataza, nitaandika jina la aliyemwagiza, saa na tarehe. Akituacha, nitaandika hivyo hivyo. Na Jumamosi inayofuata wao watapita bila mimi, ndiyo maana yake.

Mzee nimemwandikia kumshukuru kwa hendeli. Nimemwambia kwetu hakuna loki ya kuifungua. Amejibu jana usiku, mstari mmoja, anauliza kama nimetunza risiti ya posta.

Ninayo. Naomba kutoa hoja.